Mstari wa Chini wa Jiwe la Kishungwa

Nimeacha kazi kwa sababu mwiko umeanza kunidondoka mkononi. Hakukuwa na sherehe. Siku moja uliangukia ndani ya kaburi lililokuwa halijafunikwa bado, marehemu akiwa tayari yumo, na familia nzima ikanitazama kama mtu aliyeutupa makusudi. Ilibidi niombe ruhusa ya kushuka. Nilipotoka, mke wangu, aliyekuwa kati ya waombolezaji, aliniambia kwamba sasa inatosha. Amekuwa akiniambia hivyo tangu mwanzo wa ndoa yetu, lakini safari hii alikuwa na mashahidi.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mliobaki na karakana yangu hapa Kitshanga, pamoja na kofraje zangu, yaani zile mbao za kumiminia zege, na herufi zangu. Saruji mnajua kuichanganya vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wenu. Ila kuna jiwe moja pale makaburini ambalo ni lazima mjue habari zake, na siwezi kuwaeleza bila kuanzia mbali. Mambo ya malipo nayaacha, mnajua wenyewe tunavyolipwa. Nitasema tu kwamba wanaolala chini ya kazi zetu hawajawahi kurudi kulalamika, na hilo fundi wa nyumba hawezi kujivunia.

Nilianzia Mubi, kule Walikale, kwenye barabara ya msituni ambako malori yalikuwa yanazama kwenye matope hadi madereva wanaoa huko huko. Fundi wangu aliitwa Papa Tumaini. Tumaini alikuwa mtoto wake wa kwanza. Kwetu mtu akishazaa, jina lake la ubatizo linakwenda kupumzika, na mimi mwenyewe ni Papa Furaha kwa kila mtu. Tulipokwenda kuandikishwa kadi ya uchaguzi, karani alimuuliza mke wangu jina la mumewe. Mke wangu alifikiri kwanza, kisha akatoka nje kwenye foleni kuja kuniuliza.

Siku yangu ya kwanza nilifikiri nitashika saruji. Papa Tumaini alinipeleka mtoni na karai, akaniambia nioshe mchanga. Niliosha. Alikuja, akachukua konzi moja, akaufinya, akafungua kiganja. Kiganja kilikuwa na udongo. Akamwaga karai lote mtoni, akarudi kuvuta sigara. Tulikwenda hivyo mpaka jioni, na kesho yake vilevile. Nilimchukia kwa moyo wote. Baadaye niliona misalaba ya mafundi wengine inavyobomoka mvua ya pili tu, na chuki ikaisha. Kwa hiyo ninyi mlionichukia kwa sababu ya mchanga, endeleeni tu, nayo itaisha.

Wateja wetu wakubwa walikuwa Omate, kwenye machimbo. Wachimbaji walikuwa wanakufa mara kwa mara, na wenzao hawakuwa wabahili. Saruji ilikwenda huko mgongoni mwa watu, njia ya msituni, chini ya mvua. Mara nyingi mfuko ulifika ukiwa tayari ni jiwe la kaburi, ila halina jina. Papa Tumaini aliupasua kwa nyundo, akachekecha, akatumia kilichobaki. Hakuna kitu alichokitupa, isipokuwa mchanga wangu.

Ni kule nilikojifunza kuhusu waliokosekana. Shimo lilianguka na mchimbaji mmoja akabaki ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumfikia. Familia yake ilitoka mbali, ikamwomboleza, halafu ikakata shina la mgomba, ikalivalisha sanda, ikalizika badala yake. Ninyi wengi mmeshaona. Mtu akikosa mwili anazikwa mgomba, ili msiba upate pa kukaa na watu warudi nyumbani. Nilimuuliza Papa Tumaini tuandike nini kwenye msalaba. Alinijibu kwamba mgomba hauna jina, kwa hiyo tuandike la mtu.

Juu ya majina alikuwa mkali kama askari wa mpakani. Wachimbaji walikuwa wanaitana majina ya ajabu, mmoja Papa Dola, mwingine Kamba Moja. Papa Tumaini alikataa kabisa. Alisema kaburi si mahali pa mchezo, mtu aandikwe jina la ubatizo na la ukoo, kamili, kama lilivyo kwenye kadi. Herufi zenyewe alizikata kutoka kwenye madebe ya mafuta ya msaada, yale ya bati laini, akanifundisha kuzikandamiza kwenye saruji mbichi bila kutikisika. Ndizo mlizonazo. A inachakaa kwanza, nimeshaikata upya mara nyingi. Q bado ni mpya, haijawahi kupata kazi.

Papa Tumaini alifariki kwa homa, na nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu, kwa sababu baba yangu hakunifundisha kitu chochote. Nilimtengenezea msalaba kama alivyotaka mwenyewe, jina la ubatizo na la ukoo, herufi zimenyooka. Baada ya muda, mchimbaji mmoja mzee alitoka Omate kuja kumwona. Nilimkuta makaburini Mubi, amevua kofia, anazunguka. Aliniambia ametafuta kila mahali, hajaona kaburi la Papa Tumaini, labda walimpeleka kwao. Alipokuwa ananiambia hivyo alikuwa amesimama mbele ya msalaba wenyewe, ameuegemea kidogo kwa sababu ya mguu. Alikuwa amesoma lile jina na hakumjua huyo mtu. Nilipomwambia, alilia, kisha akacheka, kisha akasema Papa Tumaini amejificha vizuri.

Tangu siku ile nilibadilisha sheria. Mkiniuliza kwa nini pale juu kuna msalaba wa Mama Sifa, na mwingine wa Papa Dieme, bila jina la kadi, jibu ni hilo. Msalaba ni kwa ajili ya anayekuja kutafuta. Aliyelala hahitaji kusoma.

Nilikuja Kitshanga vita ilipofunga ile barabara ya msituni. Hapa nilikuta kazi isiyoisha. Kambi za wakimbizi zilikuwa zinapanda kilima kila mwaka na makaburi yanapanda nyuma yake. Nilikimbia pamoja na wengine mara kadhaa, nikarudi, na kila nilipokimbia nilizika herufi kwenye shamba la jirani ndani ya mfuko wa plastiki. Nadhani ndizo herufi pekee katika Masisi yote zilizozikwa mara nyingi na kufufuka kila mara.

Sasa tumefika kwenye jiwe.

Kishungwa kilikuwa kijiji cha mlimani, mwendo wa pikipiki kutoka hapa njia ikiwa kavu. Chini mtoni walikaa wakulima, familia zilizokuwa zinalima zile ardhi tangu zamani, na juu kwenye majani walikaa wafugaji, wenye ng'ombe na jibini. Katikati kulikuwa na kanisa na shule. Wenye bunduki walikipitia asubuhi moja, wakakichoma chote, wa chini na wa juu bila ubaguzi. Waliokufa walikufa, waliobaki walikuja kambini. Leo ukimwambia motari, yule wa pikipiki ya abiria, akupeleke Kishungwa anakuuliza ni wapi. Nyasi zimemaliza kila kitu.

Kambini wa chini walisema wale wa juu ndio walioleta balaa, na wa juu walisema vivyo hivyo juu ya wale wa chini. Wakakaa pande mbili za kambi, hawasalimiani, wakati bomba la maji lilikuwa moja.

Waliokuja kwangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Ndoole, aliyekuwa mkuu wa shule ya Kishungwa, mtu wa chini, mwembamba, anayevaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa na simu na kwenye simu kulikuwa na picha. Kijana mmoja wa Kishungwa alikuwa amefika nchi ya baridi, akapata kazi ya kukata majani makaburini. Sehemu moja ya makaburi hayo ni ya Wayahudi, na humo kuna mawe makubwa ambayo chini yake hapana mtu. Kijana alikuwa ameuliza. Wakamwambia kila jiwe ni mji mmoja, au kijiji, huko Ulaya, ambako Wayahudi waliuawa na mahali pao pakaharibiwa, wakati wa ile vita kubwa. Wachache waliokuwa wamekwenda mbali mapema, au waliopona, walikusanyika ugenini wakasimamisha jiwe lenye jina la mji wao. Kila mwaka walikuwa wanakuja kusimama mbele yake. Kijana alisema sasa wanaokuja ni wajukuu, na wengine hawajawahi kuuona huo mji wala hawawezi kulitamka jina lake vizuri, lakini wanakuja.

Niliitazama picha kwa jicho la kazi. Jiwe lilikuwa zuri, pembe zake safi, herufi zimechongwa kwa mashine. Maandishi mengine sikuyajua hata moja. Ila juu yake kulikuwa na kokoto nyingi zimeachwa ovyo, na nikasema fundi yule hakusafisha kazi yake. Mwalimu aliniambia hapana, kokoto zinawekwa na wageni, kila anayekuja anaweka moja. Nilibaki na ile simu mkononi, hadi mwanga wa kioo ukazimika. Nilikuwa nawaza kwamba nimefanya kazi ya makaburi maisha yangu yote, na sijawahi kufikiri kwamba kijiji nacho kinaweza kufa na kuhitaji fundi.

Wa pili alikuja siku ileile, jioni kidogo, naye ni Papa Munyakazi, mfugaji wa juu, mzee mrefu aliyekuwa ameuza jibini maisha yake yote na sasa anauza maziwa ya ng'ombe wa watu wengine. Picha ileile ilikuwa imemfikia kupitia simu ya mkwe wake. Alitaka jiwe la Kishungwa. Nilimwambia la Kishungwa limeshaombwa. Aliuliza na nani. Nikamwambia. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, jambo ambalo huwa sipendi, akasema basi nifanye mawili.

Nilimjibu hivi: "Papa, kofraje ya ukubwa ile iko moja. Na Kishungwa nasikia nayo ilikuwa moja."

Sikuwa na hekima yoyote. Kweli kofraje ilikuwa moja tu.

Niliwaita wote wawili karakana. Walikaa kila mmoja upande wake, na mimi katikati nikiendelea kuchekecha mchanga, kwa sababu mtu akiona unafanya kazi anapunguza sauti. Kwamba wafu wote waandikwe, walikubaliana upesi kuliko nilivyotarajia. Ugomvi ulikuja juu ya nani aanze. Mwalimu alisema tufuate alfabeti. Papa Munyakazi, ambaye hakusoma sana lakini si mjinga, alihesabu kwa vidole vyake akaona kwamba kwa alfabeti majina ya watu wa chini yatajaza juu yote. Alisema alfabeti nayo ni mtu wa chini. Mwalimu alisimama akashika koti lake kutaka kwenda.

Hapo Papa Munyakazi akaanza kusema kuhusu ng'ombe. Alisema kila jioni alikuwa anawashusha kunywa maji mtoni, halafu anapanda nao nyumba kwa nyumba, na kila nyumba walimsalimia, na hata leo akikosa usingizi anapanda vile. Akaanza kupanda pale pale, kwa mdomo. Kwenye chemchemi, kwa Mama Bahati. Juu kidogo, kwa katekista. Kisha kwa wale ndugu wa penye mti wa mkarati, kisha kwa Mwalimu, mkono wa kushoto. Mwalimu alisahihisha kwamba ni mkono wa kuume ukipanda. Wakabishana juu ya mkono. Wakati wanabishana niliona wote wawili wako njiani, wanapanda.

Ndiyo maana lile jiwe linasomwa kutoka chini. Jina la KISHUNGWA liko juu kabisa, kubwa, kama kilele. Lakini wafu wamepangwa kama nyumba zilivyokuwa zimepangwa. Mstari wa chini ni wa kwenye chemchemi, wa mwisho juu ni wa malisho. Wageni wote husoma kutoka juu kwenda chini, kama karatasi. Watu wa Kishungwa wanainama kwanza.

Kokoto za zege walitaka zitoke Kishungwa kwenyewe. Nilikuwa na kokoto nzuri hapa, lakini sikubishana. Walikwenda wao wawili kwa pikipiki moja, na wakati wa kurudi walibeba gunia la mawe katikati yao, kwa hiyo hawakulazimika kugusana. Kwenye kizuizi cha barabarani wenye bunduki walifungua gunia. Katika nchi hii mtu hawezi kubeba mawe akaaminiwa. Waliyatazama, wakayapima kwa mkono, wakayalowesha kwa maji kuona kama yanang'aa, wakamwita mkubwa wao anayejua madini. Wazee walieleza kwamba ni mawe ya kawaida, ya kwao, ya kujengea kumbukumbu ya wafu. Hakuna aliyeamini kwamba watu wazima wawili wanaweza kwenda mbali hivyo kwa mawe ya bure. Walikalishwa chini hadi jua likapungua, na katika muda huo, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, walizungumza. Waliporudi walikuwa wanaitana kaka. Waliyozungumza hawakuniambia, na mimi sikuuliza.

Siku ya kumimina nilianza asubuhi mapema. Tulimimina zege likiwa limelala, tukalaza juu yake tabaka laini la kupokea herufi. Mnajua wenyewe tabaka hilo halimsubiri mtu. Likianza kukauka, herufi inapasua badala ya kuingia. Nilikuwa nimefika mstari wa chini, na jina la pili lilikuwa Bahati, mtoto wa chemchemini, aliyechukuliwa na wenye bunduki asubuhi ile pamoja na vijana wengine. Nilikuwa nimeshashika B mkononi.

Mama Bahati alikuwa amekuja bila kuitwa. Mlimwona, yule mama mfupi wa kuuza mihogo karibu na bomba. Bahati alikuwa mtoto wake wa pekee. Baada ya vita wakwe zake walimletea shina la mgomba, wakamwambia amzike mtoto ili apumzike. Aliwaambia kwamba mtoto wake si mgomba, akawashukuru, akalisukuma lile shina nje ya kibanda. Walimwona mgumu. Kila mwaka walimwambia tena, kila mwaka alikataa.

Alisimama juu ya kichwa changu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei.

"Papa Furaha, wewe uliona mwili ya Bahati?"

"Hapana, Mama."

"Sasa nani alikuambia umuzike?"

Mwalimu alisogea. Alimweleza kwa upole kwamba watu wote waliwaona wakichukuliwa, na wale wengine walipatikana, wote wamekufa. Alimwambia tunamkumbuka tu, hatumuui.

Mama Bahati alisema, "Wale wengine njo walipatikana. Yeye hapana. Mukimuandika hapo, siku atakuja atakuta tulishamaliza na yeye."

Saruji ilikuwa inaendelea na kazi yake. Nilimtazama Mwalimu, akamtazama Papa Munyakazi, na Papa Munyakazi akatazama mlima. Nilimwambia Mama Bahati kwamba nikiruka jina, mstari utakuwa na pengo, na pengo halitazibika. Yeye alijibu, "Acha fasi. Fasi ni yetu."

Niliacha nafasi. Niliirudisha B kwenye mfuko, nikapima kwa kidole upana wa jina, nikaendelea na la mbele yake. Mama Bahati alivuta kindoo akakaa kando mpaka saruji ikashika, hadi nikaweza kuigonga kwa ukucha isikubali. Ndipo akasimama, akafuta vumbi, akarudi kuuza mihogo.

Jiwe tulilisimamisha, katekista akaliombea, watu wa chini na wa juu wakaimba nyimbo mbili ambazo hazikulingana. Na kuanzia siku ile sikupata amani. Kwa fundi, pengo ni aibu. Kila mgeni aliyepita makaburini aliniuliza kwa nini nimesahau jina. Padri mmoja alinishauri nichore hata ua dogo hapo. Mteja mmoja alikataa kunipa kazi kwa sababu alisema siwezi hata kujaza mstari. Niliwaeleza wote, wachache walisikiliza. Lile jiwe lilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, na lilikuwa limekosa jino moja mbele. Mama Bahati alikuwa anakuja siku za Jumapili baada ya misa, anaweka kokoto juu kama wale wa kwenye picha, anasimama kidogo. Kwenye pengo lake hakuwahi kuweka kidole.

Mwaka huu, nilipokuwa nimeshawaachia herufi na kubaki nyumbani nikimsumbua mke wangu, Mama Bahati aliniita. Alikuwa amelala kwenye kituo cha afya, amekuwa mdogo sana. Mwalimu Ndoole alikuwa pale, na Papa Munyakazi alikuwa ameleta maziwa ambayo mgonjwa hakuweza kunywa. Aliniambia anataka kazi. Nilimwambia nimestaafu. Alisema anajua, mke wangu alimwambia, na ndiyo sababu ameniita mimi wala si wale vijana, kwa sababu mimi sina haraka tena.

Alitaka aandikwe kwenye ile nafasi, kwenye chemchemi, nyumbani kwake. Nilikubali. Mwalimu, ambaye ni mtu wa utaratibu, alitoa kadi ya kambi ya mgonjwa ili jina lisikosewe, akasoma kwa sauti: Anastazia Kahindo. Kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba ndilo jina lake.

Mama Bahati alifungua macho.

"Anastazia njo nani?" aliuliza. "Bahati hamujue huyo mama. Atapita hapo, atasoma Anastazia, ataendelea na njia yake."

Nilimkumbuka yule mzee wa Omate na mguu wake, ameegemea msalaba wa rafiki yake huku akimtafuta. Nilimuuliza mgonjwa basi niandike nini, ingawa nilikuwa ninajua.

"Mama Bahati," alisema. "Njo vile alikuwa anaita. Wenzake wote walikuwa naita vile, na yeye alikuwa naiga, anasema Mama Bahati, leta chakula."

Papa Munyakazi alicheka kwa sababu alimkumbuka yule mtoto. Mwalimu aliirudisha kadi kwenye koti, akafunga kifungo. "Andika vile," akaniambia.

Mama Bahati alifariki katika wiki ile ile, na tulimzika juu kidogo ya jiwe, upande wa mashariki. Saruji ikishakauka, herufi za debe hazina kazi. Nilichukua patasi na nyundo. Ninyi mlikuja kutazama na mkajizuia kunisaidia, nawashukuru kwa hilo. Mkono ulitetemeka, nikaufunga kwa kitambaa cha mke wangu, naye alikaa kwenye kindoo pembeni bila kusema kwamba inatosha. Zege lilikuwa gumu. Mchanga wake ulikuwa umeoshwa vizuri, na ni mara yangu ya kwanza kujutia hilo. Nilikuwa nimepima nafasi ya jina moja. Majina mawili yaliingia kwa kubanana, MAMA dogo kidogo, BAHATI kwa ukubwa wake. Mkiangalia vizuri mtaona H imeinama. Iacheni.

Kwa hiyo sasa mstari umejaa, na jina la yule kijana liko kwenye jiwe, na hakuna aliyemzika.

Yamebaki maagizo, halafu niwaache mfanye kazi. Kila baada ya masika osheni jiwe kwa maji na brashi ya nyuzi, si kwa brashi ya chuma. Zile kokoto za juu msizifagie, hata mkuu wa makaburi akija kukagua usafi. Watu wa Kishungwa waliobaki hapa mnawajua wote kwa sura, kwa hiyo wakija waacheni na mambo yao. Lakini itatokea siku mgeni msiyemjua atasimama mbele ya lile jiwe, na badala ya kuanza juu, atainama na kuanza kusoma kutoka chini. Msimuulize jina. Mwacheni amalize mstari wa kwanza, ule wa chemchemi, kisha mpelekeeni kiti, na mmoja wenu akimbie kuniita.